Kamba ya Kumfungia Winga

Mimi ndiye niliyewatafutia wake Ngwali na Abrahman, kwa hivyo msinitazame kama mtu asiye na hatia. Ngwali ni kipa wa timu ya chuo cha ualimu hapa Mgogoni, na Abrahman ni beki wake. Kila msimu ukimalizika, klabu za Unguja hutuma watu wao kuja kutuchagulia vijana kama mtu achaguaye embe sokoni: huyu kawiva, huyu bado, huyu nifungie. Mwalim Silima, kocha wa timu, mtoto wa marehemu dada yangu, hubaki na jezi kumi na sita na watu tisa wa kuzivaa.

Ndipo Kificho, meneja wa timu, akaja na dawa yake.

"Bi Tatu," aliniambia, "mchezaji asiye na mke ni mbuzi asiye na kamba. Akioa hapa, hasikilizi tena mambo ya Unguja. Na weye ndiye unayejua kila nyumba ina binti gani."

Nikacheka. Nilipomaliza kucheka nikamtafutia Ngwali mke kutoka kijiji cha Wingwi, na Abrahman nikamtafutia wa hapa hapa, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Wote wawili wakabaki. Kificho akatembea mji mzima kifua mbele, na mie nikala pilau mara mbili.

Sikujua kwamba kamba ya tatu itasokotwa nyumbani kwangu.

Ruweida ni binti wa Silima. Mama yake alifariki mtoto angali ananyonya, mimi nikamchukua, na kwangu ndiko alikokulia mpaka akaingia chuo hicho hicho anachofundisha baba yake. Mwaka huu wamempeleka skuli ya Wingwi kujifunza kazi ya kufundisha. Jioni akirudi hupitia uwanjani, kama alivyozoea tangu mwaka jana, hukaa kwenye ukuta mfupi, hufungua madaftari ya watoto na kalamu nyekundu.

Na uwanjani yupo Haitham, kijana wa kisiwa cha Fundo, winga wa kushoto. Mpira nauelewa kidogo, lakini vijana nawaelewa sana. Huyu alikuwa akifunga bao hakimbilii watu. Huja pembeni, akainama kufunga kamba za njumu zake, na njumu hizo zilikuwa zikifunguka upande mmoja tu wa uwanja, upande wa ule ukuta. Akiinuka humtazama Ruweida kama mtu asomaye barua aliyoingoja muda mrefu, taratibu, akifika mwisho anarudi mstari wa juu. Hawakusemeshana jambo la aibu hata siku moja. Nawaapia, kwa sababu nilikuwa nikiwachungulia.

Posa ikaja kwa njia yake. Mzee Talib, mjomba wake Haitham, alivuka kutoka Fundo na barua na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Tukaomba wiki moja ya kujibu, kama ada. Ndani ya wiki hiyo hiyo klabu moja ya Unguja ikampelekea Haitham fomu. Dirisha la usajili linafungwa Jumatano, saa kumi alasiri.

Jumatatu asubuhi Kificho alikaa kwenye kahawa akawaambia watu, "Musiwe na hofu na Haitham. Safari hii kamba ni ya hariri. Binti wa kocha mwenyewe."

Kahawa haijapoa, neno limeshamfikia Ruweida.

*

Jumatatu hiyo, baada ya Alasiri, Silima alikuja kutaka idhini ya mwanawe. Kificho alikuja naye, ingawa hakuna aliyemwita. Wakakaa barazani, mimi nikaingia chumbani. Kwetu mwari huulizwa na mtu wake wa karibu, na akinyamaza basi ameridhia. Mwenye kukataa ndiye anayesema. Nimewauliza wasichana wengi katika maisha yangu, na kimya chao nakijua kama nijuavyo mlio wa sufuria zangu.

Ruweida alikuwa amekaa kitandani, ushungi kichwani, macho makavu. Hayo macho makavu ndiyo yaliyonitia mashaka.

"Ruweida binti Silima," nikasema kwa sauti ya shughuli, "babako anakuuliza. Umeposwa na Haitham wa Fundo. Unaridhia?"

Akanyamaza.

Huko nje nikamsikia Kificho. "Kanyamaza. Yakhe, kanyamaza. Mpigie Mzee Talib, nikaha iwe kesho, Jumatano dirisha linafungwa huku sisi tunakula."

"Bibi," akasema Ruweida.

Nikakohoa ili nimfunike. Akangoja nimalize.

"Bibi, mwambie Kificho aweke simu chini. Nilikuwa navuta pumzi tu."

"Mwanangu, ukisema maana yake umekataa."

"Basi nimesema."

Silima aliinuka barazani akaja mpaka mlangoni, hakuvuka kizingiti. "Ruweida, kuna nini? Nilidhani kijana huyu unamtaka."

"Namtaka, baba," alisema. "Mie na weye tusidanganyane. Namtaka tangu msimu uliopita. Lakini Ngwali mmemfunga kwa mke, Abrahman mmemfunga kwa mke, na leo mji mzima unasema mie ndiye kamba ya Haitham. Nikiolewa naye Jumanne, nitalala kila usiku wa maisha yangu nikijiuliza kama nimeolewa na mtu au na timu."

"Sikulisema hilo mimi."

"Hukulisema. Lakini uliposikia, hukulikataza."

Silima ni mwalimu wa hisabati. Hesabu ikiwa sahihi hawezi kubishana nayo. Akarudi nyuma hatua moja, akavaa viatu vyake, cha kulia mguu wa kushoto, akatoka hivyo hivyo mpaka Kificho akamwambia.

*

Ruweida akaniomba jambo moja. Anataka kuonana na Haitham, mchana kweupe, uani kwangu, na mimi nipo.

Nikakubali. Ila na mimi nina tabia zangu. Jumanne hiyo nikampelekea Silima ujumbe kwamba mgongo unaniuma, aje anitilie karafuu kwenye magunia katika chumba cha uani. Chumba hicho kina dirisha dogo lisilo na kioo, na kila linalosemwa uani linaingia humo bila kubisha hodi. Nilipomwona ameshika pauro ya kuchotea karafuu, nikaufunga mlango kwa nje. Hasidi hana sababu, lakini mimi nilikuwa nayo.

Haitham akaingia akitoka kufanya mazoezi peke yake, njumu zake ndani ya mfuko wa plastiki, na miguu ameshaiosha.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mume wangu. Kaa pale, mbali na mke mwenzangu, nisije nikaona wivu."

Akakaa. Ruweida alikuwa ng'ambo ya mkeka, na mimi katikati nachambua karafuu, natoa makonyo, macho yangu chini na masikio yangu juu. Haitham alimtazama Ruweida, akauangalia mkono wake wenye wino mwekundu, akainua macho tena. Ruweida akauficha mkono chini ya ushungi kama mtu aliyekamatwa na kitu.

"Umesikia wanavyoniita?" akauliza.

"Nimesikia."

"Lini?"

"Kabla yako. Kificho aliniambia mwenyewe, tangu Shaabani. Alidhani ananipa habari njema."

"Na baada ya hapo ukaleta posa."

"Nikaleta."

"Haitham, mtu anakwambia binti huyu ni chambo, nawe unakwenda kufungua kinywa?"

Akatabasamu, si kwa dharau. "Mie mtu wa Fundo. Chambo nakijua. Chambo hakimtazami samaki. Weye ulikuwa ukinitazama."

"Nilikuwa nasahihisha madaftari."

"Daftari moja, dakika tisini?"

Mie nikaangusha karafuu. Ruweida akauma pindo la ushungi ili asicheke, na aliposhinda kicheko akawa mkali zaidi.

"Usinichekeshe. Nijibu. Nikikubali, utabaki?"

"Nitabaki."

"Nikikataa?"

"Nitabaki."

"Muongo weye. Watu wamekupa mshahara, wamekupa chumba, wamekupa uwanja wenye taa."

"Wamenipa fomu. Ipo hapa kwenye mfuko, chini ya njumu. Sijaijaza."

"Na hujaichana."

Nikamwona kijana yule, ambaye mabeki watatu hawamtishi, akizitazama njumu zake kama zitamsaidia.

"Sijaichana," alisema mwisho. "Sikufichi. Kucheza kule nakutaka. Nikifumba macho nausikia ule uwanja. Anayekwambia sitaki, huyo ndiye muongo. Lakini nimebakisha mwaka mmoja wa chuo, Ruweida. Kwetu boti ya mwalimu ikichelewa, watoto wanarudi majumbani. Mamangu kanisomesha kwa kupara samaki wa watu ili niwe mwalimu asiyehitaji boti. Mpira ukinipenda sana utanipa miaka minane, tisa. Cheti kitanipa iliyobaki. Nikiondoka sasa sirudi kumaliza, najijua. Ndiyo maana nilikuwa nimeshaamua kubaki kabla mjomba hajapiga pasi kanzu yake."

"Kama ni hivyo, mbona wenzako waliondoka? Nao walikuwa na mama zao."

"Hakuna aliyewauliza." Sasa alikuwa amepata moto. "Kila mtu akitaka kuondoka mnamtafutia mke. Nani alimkalisha mtu akamwambia, una nini? Msimu uliopita tulicheza nusu fainali asubuhi, mchana tukaingia mtihani. Sita tulifeli somo moja kwa pamoja, mimi mmoja wao. Mtu mwaka wake umeungua, anarudi chumbani, anakuta mtu wa Unguja na fomu. Ataangalia nyuma kutafuta nini? Ngwali kabaki, ni kweli. Kabaki na mke, na kabaki darasa lile lile."

Katika chumba cha uani gunia likaanguka.

"Paka," nikasema.

"Paka wako mzito, Bibi," akasema Ruweida, bila kunitazama. Mtoto nimemlea mwenyewe, najua alijua.

Akakunja mikono. "Haitham, maneno yako mazuri. Lakini maneno mazuri hata Kificho anayo. Sitoi jibu la posa mpaka dirisha lifungwe. Kesho saa kumi. Ukibaki, ubaki kwa akili yako. Ukenda, nitajua."

"Na nikienda?"

Hapo sauti yake ikapungua, ikawa ya msichana wa miaka ishirini na mbili. "Nitalia. Nikimaliza kulia nitasahihisha madaftari."

Haitham akainuka, akachukua mfuko wake. Alisimama karibu kuliko ilivyofaa, na mimi sikukohoa.

"Misimu miwili nimefunga na kufungua kamba za njumu mbele yako," alisema. "Kesho saa kumi si mbali."

Akaenda zake. Nilipoufungua mlango wa chumba cha uani, Silima alikuwa amekaa juu ya gunia, pauro mapajani, vumbi la karafuu usoni mwake lote.

"Mama mdogo," alisema, "sita walifeli, nikawaadhibu kwa uvivu."

"Nimesikia."

"Mtihani ule niliusimamia mimi."

Nikampa maji akanawa uso.

*

Jumatano saa nane na nusu Silima akaja na bahasha ya chuo. Haitham alikuwa ameshaitwa na alikuja na mfuko wake wa njumu. Kificho hakuitwa, lakini huyo harufu ya jambo humwamsha usingizini. Tukakaa barazani kwangu. Ruweida alikuwa amerudi mapema kutoka Wingwi, akasimama ndani ya mlango, madaftari kifuani.

Silima hakukaa. Akamkabidhi Haitham bahasha. "Fungua."

Haitham akasoma. Akasoma tena.

"Ni barua ya kuachiwa," Silima akatueleza. "Fomu yake haifai kitu bila barua ya timu, na sijawahi kumnyima mtu anayeiomba. Klabu inapokea kwa simu, mtu akipiga picha sasa hivi zinafika kabla ya saa kumi."

Kificho akashika kichwa. "Mwalim, unafanya nini? Saa moja na nusu tu ilibaki, angekuwa wetu."

"Ndiyo maana nafanya sasa." Akamgeukia Haitham. "Kijana wangu, nimefundisha mpira miaka kumi na moja na kila mwaka nalalamika kwamba naibiwa wachezaji. Jana nimegundua kuwa nilikuwa nawafukuza. Leo asubuhi nimekwenda kwa mkuu wa chuo. Hapatachezwa mechi siku ya mtihani, na mtu aliye kwenye mafunzo ya kufundisha hatoitwa mazoezini kabla ya Alasiri. Wale sita watapewa nafasi ya kurudia somo, na nitawafundisha mimi mwenyewe. Hayo ni ya watakaobaki, wewe ukiwemo au usiwemo. Lakini watu wasiseme nimemtega mtoto wa mwenzangu kwa binti yangu. Ukitaka kwenda, nenda na radhi zangu."

Nilimtazama Ruweida. Alikuwa ameyabana yale madaftari mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Kwa mara ya kwanza nikaona hofu yake wazi, kwa sababu sasa mlango ulikuwa wazi kweli, na mwenye kuupenda ule uwanja wa taa alikuwa amekaa mbele yake na karatasi zote mbili. Alikuwa ameutaka uhuru huo kwa ajili ya Haitham. Kuutaka na kuuona ni mambo mawili.

Haitham akatoa fomu chini ya njumu. Akaitandaza mbele yake, akaiweka barua juu yake, kingo kwa kingo. Sijui alifikiri nini. Alikaa hivyo mpaka kuku wangu akapita na vifaranga wake wote, na hakuna aliyethubutu kumfukuza.

"Mwalim," alisema, "naomba jambo."

"Sema."

"Hii tarehe. Unaweza kuniandikia nyingine? Ya mwakani, nikishamaliza mtihani wa mwisho."

Silima akaisogelea ile barua. "Mwakani?"

"Mwakani nitaihitaji. Mwaka huu nina somo la kurudia." Akairudisha barua kwa mikono miwili, na fomu akamwekea Kificho mapajani. "Kificho, weye ndiye mjuzi wa maneno. Wapigie uwaambie nawashukuru, tuonane mwakani."

"Na wakikuta mwengine?"

"Wakute. Mwakani nitakuwa mzuri zaidi, watanitaka tena."

Alilisema hilo bila majivuno, kama mtu anayesema kesho kutapambazuka. Kificho akaitazama ile fomu kisha akamtazama yeye, na nadhani hapo ndipo alipofahamu kwamba mbuzi huyu anajua njia ya nyumbani.

Silima akajikwaa katika maneno. "Na Ruweida?"

"Huyo si jambo la timu, Mwalim. Jambo hilo ni la mjomba wangu na wewe, na zaidi ni lake mwenyewe. Akinikataa, Jumamosi utaniona winga ya kushoto vile vile." Akafikiri kidogo. "Ila nitacheza vibaya."

Tukageuka sote kuutazama mlango. Ruweida hakutoka. Alimtazama Haitham tu, na Haitham alimtazama yeye, na hakuna aliyekuwa na njumu za kufunga wala daftari la kusingizia.

"Bibi," akasema, "saa ngapi?"

Nikaangalia simu yangu. "Tisa na robo."

"Nitangoja."

Na akangoja. Akasimama pale pale, nasi tukakaa pale pale, watu wazima watatu na mpenzi mmoja, tukiitazama simu ya bibi kizee kama inapika kitu. Niliwapa chai. Hakuna aliyeinywa. Kificho alipiga simu ile ya Unguja akiwa kajikunja pembeni mwa banda la kuku, akarudi akasema wamesikitika, wamesema mwakani watakuja mapema. Ilipofika saa kumi na dakika mbili nikasema, "Limefungwa."

Ruweida akavuka kizingiti. Akasimama barazani mbele ya baba yake na mbele ya meneja, jambo ambalo wasichana wangu wote niliowahi kuwauliza wasingelifanya hata kwa fimbo.

"Haitham," alisema, "mwambie mjomba wako kesho asije asubuhi. Nafundisha mpaka saa saba."

Akaingia ndani. Nikasikia madaftari yakiwekwa juu ya meza, na baada ya hapo nikasikia kicheko kikizibwa na mto.

Haitham alikuwa bado amekaa, uso wote umemwaka, hajui mikono yake aitie wapi. Silima akanisogelea, akaniinamia sikioni.

"Mama mdogo, ndiyo kasemaje?"

"Kasema saa saba, baba. Nenda kanunue mchele."